Paka wangu alipinda shingo kwa dagaa wabichi: tuzungumze chakula cha paka na mbwa wetu visiwani

BintiMichenzani (mwanzisha uzi)

Asalaam aleikum jamani. Uzi mrefu huu, mwenye haraka apite.

Nina paka dume, rangi yake mdalasini na jina lake ndilo hilo hilo, Mdalasini. Tunakaa ghorofa ya nne kwenye majumba ya Michenzani, mjini Unguja, kwa hiyo hatoki. Akijitahidi sana anafika kwenye ngazi, akisikia mlango wa jirani anarudi mbio. Mwezi uliopita asubuhi namwita kula, kaja anayumba. Kafika mbele ya kisahani chake kakaa, kidevu kimegusa kifua. Nikadhani kaona kitu chini. Nikamnyanyua kidevu kwa kidole, nilipoachia kikashuka tena, polepole, kama mzee anayesinzia kwenye hitima. Mboni zimetanuka macho yote meusi, na jua limejaa chumba kizima.

Nikamtia kwenye kikapu cha ukili, nikamfunika kanga, daladala mpaka kwa daktari wa mifugo. Swali lake la kwanza: "Anakula nini?" Nikajibu kwa fahari kabisa: dagaa mchele, wabichi, wa leo leo, kila siku, mwezi wa tatu huu. Wali hagusi, mchuzi hagusi. Daktari akaweka kalamu chini.

Hayo ya wabichi nimeyatoa wapi? Mwanangu alinionesha video ya mtu anasema paka ni simba mdogo, mpe kibichi kama anavyokula porini, moto unaua chakula. Nami nikaona mbona rahisi, dagaa tunao, tena afadhali bei yake kuliko ule mfuko wa punje za dukani.

Kapigwa sindano ya vitamini B1. Jioni ile hakuna mabadiliko, nimelala naye sebuleni juu ya mkeka. Kesho yake baada ya adhuhuri namkuta kanyanyua kichwa anamtazama mjusi ukutani. Nililia, wallahi.

Sasa nimeandika kwa mawili. La kwanza, asije mwengine akarudia niliyofanya miye. La pili, daktari aliniambia paka huyu ana maradhi mawili, na la pili ni kukaa bure. Nikamwambia daktari, paka gani anafanya kazi? Akasema paka wote wanafanya kazi isipokuwa wa kwako: hatafuti, hanusi, havizii, kisahani kinamjia mlangoni kama mtalii. Ndiyo maana anakesha analia na kuchana pazia. Nimeanza kumtafutia kazi, nitaeleza. Wenye paka na mbwa karibuni.

---

Nahodha_Mstaafu

Aleikum salaam bibi. Pole na mgonjwa. Lakini miye nimezaliwa Malindi hii ya Unguja, nimeshusha samaki pale diko miaka thelathini. Paka wa Malindi wanakula wabichi tangu enzi za wafalme, na sijaona hata mmoja kapinda shingo. Wanakupiga kofi ukiwakanyaga mkia! Hayo maradhi ni ya paka wa ghorofani.

---

TabibuWaNgombe

Nahodha, shikamoo. Kazi yangu hii, ingawa jina linasema ng'ombe (ndio wanaonilipa).

Paka wa Malindi hali dagaa watupu. Hebu mfuate siku moja. Alfajiri kapata kichwa cha changu, saa nne matamvua ya nguru na utumbo, mchana kamkamata panya, jioni mjusi na mende wawili, usiku kapewa shingo ya kuku na muuza chipsi. Kila siku mchanganyiko. Na wale wanaokufa nani anawahesabu? Unaona walio hai wamenona, waliodhoofika wamejificha chini ya makontena.

Kilichompata Mdalasini ni hiki. Samaki wengi wadogo wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1. Samaki akiwa mbichi kimeng'enya kinafanya kazi, kwenye chakula na hata tumboni mwa paka. Ukipika kinakufa, basi hadithi imekwisha. Paka ana mahitaji makubwa ya B1 kuliko mbwa na akiba yake ni ndogo, kwa hiyo wiki kadhaa za kibichi hicho hicho zinatosha. Huanza kwa kukataa kula, halafu anayumba, shingo inainama, akiachwa anapata degedege na kufa. Akiwahiwa, sindano inamrudisha haraka, kama alivyoona dada.

Tahadhari: shingo kuinama si lazima iwe dagaa. Upungufu wa potasiamu unafanya vile vile, hasa kwa paka mzee mwenye figo mbovu. Kwa hiyo msinunue vidonge mkatibu kwa kubahatisha.

---

Shangazi_Kikwajuni

Kwa hiyo dagaa wapikwe tu, basi? Miye wangu watatu nawachemshia na maji nayamwaga.

---

TabibuWaNgombe

Shangazi, shikamoo. Ahsante kuuliza, hapo kwenye maji ndipo penyewe!

Paka anahitaji kitu kinaitwa taurini. Mbwa kwa kawaida anajitengenezea mwilini, paka hawezi kutengeneza ya kumtosha, lazima aile, nayo iko hasa kwenye nyama na samaki. Akiikosa muda mrefu macho yanapofuka na moyo unatanuka kama puto mpaka unashindwa kusukuma damu. Mwaka 1987 ndipo watafiti Marekani walipobaini kwamba paka waliokuwa wakifa kwa moyo uliotanuka walikuwa na upungufu wa taurini, na walikuwa wakila vyakula vya viwandani, si makombo. Viwanda vikaanza kuongeza.

Sasa taurini inayeyuka kwenye maji. Ukichemsha dagaa ukamwaga supu, umemwaga ulichokuwa unakitafuta. Maji yawe machache, na supu yote impate paka. Pweza na ngisi wana taurini nyingi sana, vivyo hivyo moyo wa kuku na nyama ya paja kuliko kidari. Supu ya pweza mnayokunywa nyie kwa mambo yenu, mtilieni na paka vijiko viwili, lakini muitoe kabla ya chumvi, pilipili na ndimu. Na pweza mwenyewe apikwe. Ngisi mbichi naye ana tabia ya dagaa.

---

Nahodha_Mstaafu

"Mambo yenu" hahaha. Tabibu umevuka mpaka.

Vipi dagaa wakavu wale wa Kama, wanaochemshwa na kuanikwa?

---

TabibuWaNgombe

Wamepita motoni kwa hiyo B1 haina neno, tatizo lao chumvi. Wanachemshwa kwenye maji ya chumvi ili wasioze njiani, maana wengi wanakwenda mpaka Kongo. Waroweke, mwaga maji ya kwanza, suuza, ndipo upike. Hapo taurini kidogo utaipoteza, ndiyo maana nasema wakavu wawe nyongeza, wasiwe chakula chenyewe.

Na kwa kuwa Nahodha yuko hapa: vibua na jodari kila siku pia hapana. Mafuta yao ni mengi, yanamaliza vitamini E, mafuta ya mwili wa paka yanavimba na kugeuka manjano. Paka huyo ukimgusa mgongo anapiga kelele, hataki kubebwa. Bunju ndiyo msiguse kabisa, wala kumtupia paka. Sumu yake haifi kwa moto.

---

BintiMichenzani

Sasa nieleze ninavyopika, Tabibu nisahihishe.

Nachukua mapaja mawili ya kuku, mioyo ikiwepo naongeza, na ini kipande cha ukubwa wa dole gumba, mara mbili kwa wiki tu. Maji kufunika nyama, moto mdogo. Sitii chochote. Kitunguu nilikuwa natia zamani kwa harufu, daktari alinishika mkono karibu anipige.

---

TabibuWaNgombe

Na mimi ningekupiga. Kitunguu maji na kitunguu thomu vinavunja chembe nyekundu za damu, kwa paka zaidi na kwa mbwa pia. Kibichi, kilichokaangwa, cha unga, yote moja. Kwa hiyo mchuzi wetu wote wa nyumbani, pilau, biriani, urojo, si chakula chao hata kama wanaulilia. Nawajua mtasema "wangu anakula pilau kila Ijumaa". Sawa.

Upishi wako mzuri ila hauna kalsiamu. Nyama ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu, paka akila nyama tupu anaikopa kutoka kwenye mifupa yake. Kitoto cha paka kilicholelewa kwa nyama tupu kinaweza kuvunjika mguu kwa kuruka kutoka kitini. Kausha maganda ya mayai, twanga kwenye kinu mpaka yawe unga laini kama poda. Ganda moja lina kama gramu 2 za kalsiamu, kwa paka wa kilo 4 linatosha siku 5 hivi. Ukipika dagaa wazima mpaka mifupa ilainike, ganda si lazima siku hiyo. Mifupa ya kuku iliyopikwa itupe, inapasuka vipande vyenye ncha.

Ini uko sawa. Paka hawezi kupata vitamini A kwenye karoti kama sisi, anaitegemea ini, ila ikizidi kila siku mifupa ya shingo inagandana. Kwa kiasi, paka mzima wa kilo 4 anataka kama kilokalori 200 hadi 250 kwa siku, takriban gramu 200 za samaki mweupe aliyepikwa au gramu 130 za kuku aliyepikwa, kwa milo miwili au mitatu.

Ukweli ni kwamba upishi wa nyumbani mara nyingi unapungukiwa na kitu. Ukitaka kulala usingizi, nusu yake iwe punje zilizoandikwa kuwa ni chakula kamili cha paka. Cha paka, si cha mbwa.

---

KijanaWaBara_Paje

Habari za jioni wakubwa. Mimi nipo Paje, askari wa usiku, tunao mbwa wawili wa ulinzi. Punje tunaletewa gunia zima na kwa joto hili likikaa wazi linatoa harufu ya uvundo. Bosi anasema wape tu, mbwa hachagui. Na ukoko wa wali wa jikoni naruhusiwa kuwapa?

---

TabibuWaNgombe

Ukoko wape bila wasiwasi, usiwe na mchuzi wa vitunguu tu. Mbwa si mbwamwitu. Mwaka 2013 watafiti wa Uswidi walionesha kwamba mbwa ana nakala nyingi za jeni ya kusaga wanga kuliko mbwamwitu, kwa sababu kaishi na binadamu anayekula nafaka. Muhogo uliochemshwa, mbatata, boga, vyote sawa, na nyama au samaki iwepo. Paka ndiye usimjaze wali.

Hizo punje zenye uvundo tupa. Unyevu wa pwani unaleta kuvu, na sumu ya kuvu inaua ini la mbwa. Mwambie bosi wako gunia jipya ni nafuu kuliko mbwa mpya. Nunueni ndoo yenye mfuniko unaobana.

---

Mpemba_wa_Wete

Yakhe, miye nina mbwa wa shamba, analinda ndizi. Nataka kuuliza hili la kumtafutia kazi, maana wangu kafukua mashimo shamba zima kama anatafuta hazina ya Mreno.

---

KijanaWaBara_Paje

Kaka, wangu walikuwa hivyo hivyo, bustani ya hoteli ilikuwa kama imelimwa kwa trekta. Nilichofanya, niliacha kutumia bakuli. Punje za jioni namwaga kwenye majani, eneo kama la mkeka mmoja, halafu nasema "tafuta". Dakika ishirini nzima pua iko chini, mkia unazunguka, anavuta pumzi mpaka unasikia kama pampu ya baiskeli. Akimaliza anajinyoosha, analala. Mashimo yamepungua, sijui kwa nini ila yamepungua.

Kitu kingine kifuu. Nachukua kifuu cha nazi kilichokwanguliwa, napaka ndani samaki aliyepondwa na boga, natia friza. Mchana wa jua kali nampa kila mmoja chake, mbali mbali wasigombane. Analamba mpaka kifuu kinang'aa. Akianza kukitafuna kifuu chenyewe namnyang'anya, namlipa kipande cha samaki.

---

Mpemba_wa_Wete

Friza yako hailali? Huku umeme ukikatika kila kitu supu.

---

Nahodha_Mstaafu

Umenikumbusha ule mwaka umeme ulipokatika Unguja Disemba 2009 mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Samaki tuliwagawa bure. Paka waliona ndiyo Idi.

---

TabibuWaNgombe

Mpemba, bila friza kifuu kinafaa vile vile, akimalize saa hiyo hiyo tu. Ama chukua makumbi, yafunge kama mpira, chomeka vipande vya samaki ndani, mwachie ayachambue huku unamtazama. Asiyameze, nyuzi za kumbi zinaziba utumbo. Na anayefukua mchagulie pembe yake ya shamba, mfukie viazi vitamu vilivyochemshwa hapo. Atajua hazina ya Mreno iko wapi.

---

UstadhWaChukwani

Nimesoma kimya kimya. Nimefurahi, ila mmesahau jambo. Sisi wengi hapa ni madhehebu ya Shafi. Chombo alicholamba mbwa kinaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Kwa hiyo sufuria ya mbwa, upawa wake na ndoo yake viwe mbali na vya watu, na kifuu hicho kisirudi jikoni. Huko si kumchukia mbwa. Mbwa wa ulinzi na wa shamba ameruhusiwa, na yule mtu aliyeteka maji kisimani kwa kiatu chake akamnywesha mbwa mwenye kiu alisamehewa. Paka hana neno, mate yake si najisi, ni miongoni mwa wanaotuzunguka nyumbani.

---

Mpemba_wa_Wete

Ahsante ustadh. Wangu ana chungu chake kimetundikwa mwembeni, mke wangu haruhusu hata kipite uani.

---

Shangazi_Kikwajuni

Bi Michenzani umeahidi kueleza michezo ya paka ukapotea.

---

BintiMichenzani

Samahani shangazi, nilikuwa na wageni.

Trei ya mayai! Ile ya karatasi, ya mayai thelathini. Kila shimo natia punje mbili tatu au kipande cha kuku, mashimo mengine naacha matupu. Siku ya kwanza aliisukuma akaipindua, akala vyote sakafuni kwa sekunde kumi. Siku ya pili nikaikalisha ndani ya ungo wa kupepetea. Hapo akaanza kutumia ukucha: anaingiza mkono, anachota, anautazama mkono wake, anakula. Nyingine ni chupa ya maji nimeitoboa matundu, akiisukuma punje zinatoka. Na kuku nilikuwa nampa mlo mmoja mkubwa, sasa naugawa mafungu manne nayaficha: juu ya kabati, nyuma ya mtungi, kwenye kiatu cha mume wangu (mara moja tu, hakufurahi).

Usiku halii tena kama zamani. Saa kumi alfajiri bado anaamka, lakini hata mimi naamka.

---

Shangazi_Kikwajuni

Shoga, wangu nimewatilia trei tangu jana. Wawili wamejifunza. Wa tatu, mnene yule, kakaa mbele ya trei kanitazama. Nami nikamtazama. Nani atashindwa tuone, leo sijampa kingine.

---

TabibuWaNgombe

Shangazi, mpe! Tena leo hii. Paka, hasa mnene, akikaa siku mbili tatu bila kula mafuta yanajaa kwenye ini, na hapo tunaongelea kumpoteza. Njaa si mwalimu wa paka.

Tena si yeye peke yake mvivu. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo ya paka 17 wa majumbani, waliowekewa chakula cha bure na cha kukichokoa pembeni yake. Wengi wao walijilia cha bure. Wanyama wengine wengi waliojaribiwa hivyo hupenda kukifanyia kazi, paka ndiye kashika njia yake. Kwa hiyo anza na rahisi: trei ijae, vipande vionekane, vya harufu kali kama moyo wa kuku uliopashwa moto. Robo ya chakula kwenye trei, iliyobaki kisahani kama kawaida. Akizoea ndipo unaongeza.

Jambo la mwisho kwa wanaong'ang'ania kibichi. Nyama mbichi inabeba vijidudu vya salmonela, na paka anaweza kupata toksoplasma, kimelea kinachodhuru mimba, kwenye nyama mbichi au panya akaitoa kwenye kinyesi. Nyumba yenye mja mzito, kinyesi kitolewe kila siku na mtu mwengine, kwa sababu vijidudu vyake huchukua siku 1 hadi 5 ndipo viweze kuambukiza. Na chakula kipikwe.

---

Shangazi_Kikwajuni

Nimempa. Kanishinda, mjinga yule. Nimemjaribu kwa moyo wa kuku kwenye shimo la pembeni, kanyoosha mkono mara moja, akaurudisha kama kaungua.

---

BintiMichenzani

Taarifa ya wiki tatu: Mdalasini anatembea sawa, kapimwa kilo 4 na nusu, anakula kuku na ngisi aliyepikwa na punje nusu kwa nusu. Jana nilisahau mlango wa jikoni, nimerudi nakuta katoa trei mpya kabatini, ile yenye mayai ya chapati za wageni. Kachokoa kila shimo. Saba yamevunjika.

---

Nahodha_Mstaafu

Maganda usitupe bibi, kayatwange.